Mawimbi Yasiyo na Mwenyewe: Jinsi Mitambo Ilivyojifunza Kupeana Zamu



Katika mkusanyiko wetu uliopita lilitokea jambo dogo ambalo huenda wengi mmekwisha kulisahau. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alikuwa amepewa kazi ya kuangalia mitambo ukumbini, naye akawasha spika ya Bluetooth ili tusikie muziki wa zama zetu kabla ya hotuba kuanza. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Lakini kadiri watu walivyozidi kuingia, kila mmoja na simu yake mkononi akitafuta Wi-Fi ya shule apate kuwapelekea jamaa picha, spika ikaanza kukatakata, na Wi-Fi yenyewe ikawa nzito kama lori lililonasa matopeni.

Kijana yule alinijia kwa adabu, akaniamkia, nami nikaitikia. Kisha akaniuliza: "Mzee, haya mawimbi ni ya nani? Na kama hayana mwenyewe, ni nani anayepanga zamu?"

Nimeshika kazi ya mitambo ya simu kwa muda mrefu wa maisha yangu, lakini sikuwa na jibu la kumtosha pale pale ukumbini. Nilimwahidi kwamba nitaandika. Makala haya ndiyo deni lile ninalolilipa.

Sisi wa zamani tunalikumbuka bomba la maji lililokuwa nyuma ya mabweni. Lilikuwa moja, nasi tulikuwa wengi. Kiranja alipokuwapo, zamu ilikwenda kwa orodha. Alipokuwa hayupo, kulikuwa na njia mbili tu: ama kila mtu asukume ndoo yake mbele, ama tusikilizane. Historia ya mawimbi ya redio imepita katika njia zote hizo, na ni vizuri tuifuate hatua kwa hatua.

Zama za makelele

Simu za upepo za mwanzo, zile za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zilifanya kazi kwa cheche za umeme. Cheche hizo zilitoa mawimbi yaliyosambaa ovyo, hata mtambo mmoja ukipiga kelele mingine iliyo karibu haikuweza kusikia kitu. Meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912, na watu zaidi ya 1,500 wakapoteza maisha, habari zilizovurugana hewani zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowashtua watunga sheria wa Marekani. Agosti mwaka huo huo wakapitisha sheria iliyomtaka kila mwenye mtambo wa kurushia awe na leseni.

Sheria hiyo ilikuwa na tundu. Waziri wa Biashara aliruhusiwa kutoa leseni, lakini hakupewa nguvu ya kumnyima mwombaji wala ya kumlazimisha abaki mahali alipopangiwa. Mwaka 1926 kampuni ya Zenith ya Chicago ilihamia masafa ambayo haikupewa, kesi ikaenda mahakamani, na serikali ikashindwa. Katika miezi iliyofuata stesheni mpya zilichipuka kama uyoga, kila moja ikikaa ipendapo na kuongeza nguvu ipendavyo. Wasikilizaji majumbani walipata mluzi na mikwaruzo badala ya muziki.

Februari 1927 Bunge la Marekani lilitunga sheria nyingine na kuunda tume ya redio, na mwaka 1934 ikaundwa ile Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliyopo hadi leo. Tangu hapo kanuni ikawa moja: kila mtumiaji na kipande chake cha masafa, na aliye nje ya kipande chake ni mkosaji. Hiyo ndiyo njia ya kiranja na orodha yake. Ilileta utulivu, na bila shaka redio zetu zote za utangazaji zimeishi kwa kanuni hiyo. Ila ina gharama yake. Asiye na leseni hana neno, na leseni hupatikana kwa fedha au kwa kujulikana.

Jalala la mawimbi

Sasa tutazame kona moja iliyoachwa bila mwenyewe. Mwaka 1947 mataifa yalikutana Atlantic City, Marekani, kugawana masafa ya dunia. Wakati huo viwanda na hospitali vilikwisha kuwa na mashine zinazotumia mawimbi ya redio kwa ajili ya joto wala si kwa mazungumzo. Miaka miwili kabla, mhandisi Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon alikuwa ameona kwamba mawimbi ya rada yanaweza kupika chakula, na jiko la namna hiyo, ambalo leo tunaliita maikrowevu, lilikuwa limeanza kuuzwa. Mashine hizi zinavujisha mawimbi. Basi mkutano ukaona heri kuzitengea sehemu zake, mojawapo ikiwa ni ile inayozunguka megahezi 2,450.

Kuna watu wanaodhani kwamba masafa hayo yalichaguliwa kwa kuwa maji yana hulka ya pekee mahali hapo. Sivyo. Maji hupata joto kwa masafa mengi sana. Sehemu ile ilichaguliwa kwa mapatano tu, na kwa kuwa ilijaa uvundo wa mashine, hakuna mwenye mazungumzo ya maana aliyetaka kuhamia huko. Ilikuwa ni jalala.

Jalala hilo ndilo lililogeuka shamba. Tarehe 9 Mei 1985, kwa juhudi za mhandisi Michael Marcus, Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu mtu yeyote kurusha mawasiliano katika sehemu tatu za namna hiyo, bila leseni, kwa nguvu isiyozidi wati 1. Masharti yalikuwa mawili makubwa. Kwanza, mawimbi yatawanywe katika eneo pana badala ya kurundikwa mahali pamoja. Pili, na hili ndilo vijana walishike sana, mtumiaji asimsumbue mwenye leseni, na yeye mwenyewe akisumbuliwa asilalamike. Hana haki ya kumfukuza jirani.

Wakubwa wengi wa redio hawakuupenda uamuzi huo. Lakini tazama ulichozaa: Wi-Fi, Bluetooth, spika, vipaza sauti vya masikioni, vipimo vya hospitali, na mengi mengine. Yote yameota penye jalala.

Sikiliza kwanza

Uhuru peke yake haukutosha. Watu wakiruhusiwa kusema bila leseni, ni nini kitawazuia wasirudi kwenye makelele ya 1926? Jibu lilikwisha kuanza kutafutwa katika visiwa vya Hawaii.

Mwaka 1971 Profesa Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta zilizokuwa visiwa mbalimbali kwa njia ya redio, wakauita mtandao wao ALOHA. Kanuni yake ilikuwa nyepesi ajabu: ukiwa na ujumbe, utume. Ukigongana na wa mwenzako usipate jibu, ngoja muda wa kubahatisha kisha utume tena. Hakuna kiranja wala orodha. Ila hesabu zilionyesha kasoro. Hata mambo yakienda vizuri kabisa, mtandao wa namna hiyo hutumia vyema kiasi cha asilimia 18 tu ya muda wake, na uliobaki hupotea kwa migongano na ukimya. Wakiongeza saa moja ya pamoja, kila mtu aanze kusema kwa mdundo, faida hupanda hadi asilimia 37 hivi.

Waliofuata wakaona jambo ambalo kila mwalimu wa darasa analijua: kabla hujasema, sikiliza kama kuna mwingine anayesema. Mwaka 1975 Leonard Kleinrock na Fouad Tobagi wa Los Angeles walichapa hesabu za kanuni hiyo na kuonyesha kwamba inapita ALOHA kwa mbali. Walionyesha pia udhaifu wake. Watu wawili wanaweza kuwa kila mmoja anamsikia aliye katikati, lakini wao kwa wao hawasikiani. Kila mmoja husikiliza, hukuta kimya, husema, na wa katikati husikia mchanganyiko usio na maana. Ukumbi wetu ni mrefu. Simu iliyo karibu na jukwaa na simu iliyo karibu na mlango wa nyuma huenda zilikuwa katika hali hiyo siku ile.

Wi-Fi na jirani yake Bluetooth

Kanuni ya kusikiliza ndiyo iliyowekwa katika Wi-Fi. Kamati iliyoitunga iliongozwa na Vic Hayes wa Uholanzi tangu 1990, na kanuni za kwanza zikapitishwa mwaka 1997. Zingatieni jinsi zinavyofanya kazi, kwa maana ndani yake mna adabu ya kweli.

Chombo cha Wi-Fi chenye ujumbe husikiliza. Kikikuta kimya, hakirukii. Katika namna zinazotumika sana sasa, husubiri kwanza kama sehemu 34 za milioni ya sekunde, kisha huchagua namba ya bahati nasibu kuanzia 0 hadi 15 na kuihesabu kurudi nyuma, kila hesabu ikichukua sehemu 9 za milioni ya sekunde. Mwingine akianza kusema katikati, kinasimamisha hesabu yake na kuiendeleza baadaye. Kikigongana na mwenzake, huongeza uwanja wa bahati nasibu mara mbili: 31, kisha 63, na kuendelea hadi 1,023. Maana yake ni kwamba kadiri msongamano unavyozidi, ndivyo kila mmoja anavyozidi kurudi nyuma.

Bluetooth ilikuja kwa njia nyingine. Ilianzishwa na kampuni ya Ericsson huko Lund, Sweden, na mwaka 1998 Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba wakaunda umoja wa kuiendeleza. Yenyewe haikai mahali pamoja. Huruka kutoka chaneli hadi chaneli, mara 1,600 kwa sekunde, katika chaneli 79. Fikra ya kurukaruka si mpya: mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza ya mtambo wa kurukaruka namna hiyo mwaka 1942, kwa nia ya kuongoza makombora ya majini yasivurugwe na adui.

Basi watu hawa wawili wakakutana shambani. Mmoja husikiliza na kukaa mahali pake, mwingine huruka bila kusikiliza. Chaneli moja ya Wi-Fi ya wakati ule ilifunika chaneli 22 hivi za Bluetooth. Kwa hiyo, pale Wi-Fi ilipokuwa na kazi nyingi, Bluetooth iliiangukia kama mara moja katika kila miruko mitatu na nusu, wote wawili wakaumia.

Hapa ndipo jambo la ajabu lilipoonekana. Sheria yenyewe ndiyo iliyozuia adabu. Kanuni za Marekani ziliwataka warukao waruke katika chaneli zisizopungua 75, ili wasirundikane. Kwa nia njema, sheria ilimkataza Bluetooth kumkwepa jirani yake. Mwaka 2002 Tume ililegeza sharti hilo, na Novemba 2003 likatoka toleo la Bluetooth linalojifunza ni chaneli zipi zina mtu na kuziepuka, alimradi zibaki 20 za kurukia. Tangu hapo kipaza sauti cha sikioni na kompyuta vimeweza kukaa meza moja. Ila kumbukeni: chaneli zote zikijaa, kama zilivyojaa siku ile ukumbini, hakuna pa kukwepea.

Zamu sawa si muda sawa

Mwaka huo huo wa 2003 wataalamu wa Grenoble, Ufaransa, walichapa uchunguzi uliotia wengi wasiwasi. Walionyesha kwamba Wi-Fi humpa kila chombo nafasi sawa ya kusema, lakini haiangalii atasema kwa muda gani. Chombo kilicho mbali na mtambo hulazimika kusema polepole ili kieleweke. Kikipewa zamu sawa na wengine, ujumbe ule ule hukichukua muda mara nyingi zaidi. Matokeo yake, wenye kasi wote huvutwa chini hadi karibu na mwendo wa yule mmoja.

Wazee wenzangu, hili tuliliona bombani. Orodha ya kiranja ilitoa zamu kwa kila mtu, naye aliyekuja na madebe mawili alipewa zamu moja sawa na aliyekuja na kopo. Je, ile ilikuwa haki? Kwa hesabu ya zamu, ndiyo. Kwa hesabu ya muda, hapana. Na ukigawa kwa muda, utamwonea yule ambaye bomba lilitoa maji kidogo wakati wa zamu yake, kosa ambalo si lake. Neno haki lina mizani zaidi ya moja, na anayeshika mizani asiseme tu kwamba anapima. Aseme anapima nini.

Mgeni mwenye nguvu

Nafika sasa penye ugomvi mkubwa, ambao naona ndio unaojibu swali la kijana wetu.

Kampuni za simu za mkononi hujenga mitambo yake juu ya masafa yaliyolipiwa. Mfumo wao wa LTE, ambao wengi huuita 4G, ulitungwa kwa hali hiyo. Mnara ndio kiranja. Kila sehemu ya elfu ya sekunde mnara huamua nani aseme na nani anyamaze, na hauna haja ya kusikiliza kama kuna mgeni, kwa kuwa shambani mwao hamna mgeni.

Kuanzia mwaka 2013 kampuni ya Qualcomm na wengine walileta shauri kwamba LTE iteremke pia katika masafa huru ya gigahezi 5, ambako Wi-Fi ilikuwa imeshaenea. Mwaka 2014 Verizon na watengenezaji kadhaa wa mitambo wakaunda baraza la kuutunga mfumo huo, wakauita LTE-U. Njia yao ilikuwa hii: mnara utazame jinsi chaneli ilivyo na watu, kisha uwake kwa muda fulani na kuzima kwa muda fulani. Wakati umezima, Wi-Fi iseme. Ukiwaka, Wi-Fi isikie na kunyamaza.

Wenye Wi-Fi wakapiga kelele. Walisema: kwanza, mnara ukiwaka haukuuliza, na huweza kumkata mtu katikati ya sentensi. Pili, anayepima msongamano na kuamua mgawo ni yule yule mwenye maslahi. Tatu, Wi-Fi kwa adabu yake itazidi kurudi nyuma mbele ya asiyerudi, na adabu itakuwa ndiyo sababu ya kunyimwa. Wenye LTE-U nao walijibu kwamba mtambo wao hutumia hewa vizuri zaidi, na kwamba katika vipimo vyao ulikuwa jirani mwema kuliko Wi-Fi nyingine. Kila upande ulileta vipimo vyake, na vipimo hivyo havikupatana, kwa maana kila mmoja alipanga maabara kwa namna yake.

Tuwe waadilifu kwa pande zote. Shamba lile halikuwa mali ya Wi-Fi. Yenyewe ilifika kama mgeni, ikapokewa kwa sharti la kutolalamika. Isitoshe, Wi-Fi haikuwa na masikio sawa kwa wote. Kwa lugha ya Wi-Fi mwenzake, hunyamaza hata kwa sauti hafifu ya kiasi cha desibeli hasi 82. Kwa sauti ya mtu wa lugha nyingine, hungoja mpaka ifike hasi 62, yaani yenye nguvu mara 100 zaidi, ndipo ikubali kwamba kuna mtu. Ilikuwa na adabu kwa nduguze na uziwi kwa wageni.

Sheria ya Marekani haikumtaka mtumiaji asikilize kabla ya kusema. Ya Ulaya na ya Japani ilitaka. Kwa hiyo LTE-U isingeweza kwenda kila mahali, na shirika linalotunga kanuni za simu za mkononi duniani likalazimika kutafuta namna ya pili. Katika taarifa yao ya mwaka 2015 waliandika kipimo ambacho mimi nakihesabu kuwa hatua kubwa katika historia hii yote. Walisema kwamba mfumo mpya ukiingia katika chaneli, usiwaumize watumiaji wa Wi-Fi waliopo kuliko ambavyo wangeumia kama ingeongezwa Wi-Fi nyingine mahali pale pale.

Soma tena maneno hayo polepole. Hayasemi nusu kwa nusu. Hayasemi mgeni asije. Yanasema mgeni aje, lakini aje kama mmoja wa wenyeji. Mtambo uliotokana na kipimo hicho ulikamilika mwaka 2016 na kuitwa LAA. Husikiliza kabla ya kusema, huhesabu namba ya bahati nasibu kama Wi-Fi, hurudi nyuma ukigongana, na penye Wi-Fi ukishapata zamu ya kazi za kawaida hausemi zaidi ya sehemu 8 za elfu ya sekunde bila kuachia. Kiwango chake cha kusikia kiliwekwa desibeli hasi 72, katikati ya yale masikio mawili ya Wi-Fi. Wapo walioona kwamba angepaswa kusikia zaidi. Ubishi huo ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa ubishi juu ya namba, si juu ya kama kusikiliza kunatakiwa.

Na LTE-U je? Septemba 2016 umoja wa Wi-Fi ulitoa taratibu za majaribio ya kuishi pamoja baada ya mabishano marefu na kampuni za simu. Februari 2017 Tume ya Marekani ikaruhusu mitambo ya kwanza ya LTE-U, ya Ericsson na ya Nokia. Hata hivyo kampuni nyingi zaidi duniani zilifuata njia ya LAA. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la masafa huru ni sikio.

Tuliyo nayo leo

Mambo hayakuishia hapo. Aprili 2020 Marekani ilifungua megahezi 1,200 nyingine bila leseni, kuanzia 5,925 hadi 7,125. Humo mlikuwa na wenyeji wenye leseni, wenye mitambo ya kurushiana mawasiliano kutoka mlima hadi mlima. Kwa hiyo mitambo ya Wi-Fi yenye nguvu ya kawaida ilitakiwa iulize kwanza daftari la pamoja linaloonyesha mwenyeji yuko wapi, na ile ya ndani ya nyumba iruhusiwe kwa nguvu ndogo tu. Ulaya ilifungua sehemu ya chini mwaka 2021. Mwishoni mwa 2023 mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Dubai uliitaja sehemu ya juu, 6,425 hadi 7,125, kuwa yaweza kutumiwa na simu za mkononi katika eneo letu la dunia, lenye Ulaya na Afrika, huku ukitambua kwamba Wi-Fi nayo inaweza kutumika humo. Uamuzi wa mwisho ni wa kila nchi.

Vijana, hilo lawahusu ninyi kuliko sisi. Kipande kikipewa mwenye leseni, patakuwa na mwenye kuwajibika, na mnara utajengwa mahali ambapo mtu binafsi asingeweza. Kikiachwa huru, shule, zahanati na fundi wa mtaani wataweza kuweka mtambo wao bila kumwomba mtu ruhusa ya masafa. Vyote viwili vina faida. Atakayeamua siku moja huenda sasa yuko Kidato cha Pili na anachukia hesabu za logi. Desibeli ni logi. Asizichukie.

Basi namjibu kijana wetu. Mawimbi yale hayana mwenyewe, na zamu haipangwi na mtu mmoja. Hupangwa na kanuni zilizobishaniwa kwa miaka mingi na watu waliokaa mezani, kila mmoja na maslahi yake. Zimeshikamana kwa sababu tatu: vyombo kama vya Wi-Fi na LAA hutakiwa kusikiliza kabla ya kusema, kurudi nyuma penye msongamano, na kuachia baada ya kusema. Kimoja kikiacha mojawapo, wenye adabu ndio wanaoumia kwanza. Ndiyo maana haki katika shamba la wote haiwezi kuachiwa wema wa moyo peke yake. Lazima iandikwe, ipimwe, na aliye na nguvu asipime peke yake.

Siku ile ukumbini, baada ya mazungumzo yetu, kijana alikwenda kwenye mtambo wa Wi-Fi akauhamishia kwenye gigahezi 5, akaiachia spika ile gigahezi 2.4. Kisha akaisogeza spika karibu na simu iliyokuwa ikiilisha muziki. Simu chache za zamani zilikosa mtandao, na wenye nazo walinung'unika kidogo. Lakini muziki uliendelea bila kukatika mpaka Mwenyekiti aliposimama kuhutubia.